Siku Niliyotangaza Njia Isiyo Yetu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata nikiwa shambani napalilia viazi na kuwaza mambo mengine kabisa. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, mvua ya Tukuyu inanyesha kama ilivyo kawaida yake, na mimi nimekaa mbele ya kompyuta katika ofisi yetu ya Bulyaga, nimefurahi kama mtu aliyesikia amefaulu mtihani. Nataka nikusimulie mwenyewe, kwa maandishi, siku hiyo na siku tano zilizofuata. Wako wanaoijua habari hii, na wengine huisimulia kwa kunionea huruma kuliko ninavyostahili.

Ninyi vijana wa ofisini mnaniita mzee wa kazi, nami nimeshazoea. Umri wangu si mkubwa kiasi hicho. Ila katika kazi ya mitandao, mtu akishavuka miaka kumi na kitu anaonekana kama alikuwepo tangu simu za kuzungusha kwa kidole. Basi nikubali uzee huo, unipe na masikio yako.

Wakati ule nilikuwa sijafikisha miaka thelathini. Nilizaliwa Kyimo, nikasomea Dar es Salaam, nikarudi nyumbani na vyeti vyangu kwenye bahasha ya plastiki. Wazazi walinipa jina la Tusekile, yaani tumefurahi, na nadhani siku ile niliyorudi walifurahi kweli. Niliajiriwa na Bwana Idrisa, mfanyabiashara mwenye duka la mabati na saruji pale Bulyaga. Yeye hakuwa na nia ya kuuza intaneti. Alianza kwa kujitafutia ya dukani kwake, jirani akaomba avutiwe waya, mwingine akaomba, nyumba ya wageni ikaomba, na kabla hajageuka akajikuta ana kampuni. Nilipofika alikuwa anahudumia hospitali, chuo kimoja, ofisi za wakulima wa chai, maduka ya steshenari na nyumba nyingi za watu.

Sasa, intaneti haioti Tukuyu kama migomba. Kampuni ndogo kama yetu inainunua kwa kampuni kubwa, halafu inaigawa kwa wateja. Sisi tulikuwa tunanunua kwa wawili. Wa kwanza alituletea kwa mkongo, ule waya uliozikwa kandokando ya barabara ya kutoka Mbeya. Wa pili alitokea upande wa mpakani, naye alitufikia kwa dishi lililokuwa kwenye mnara wetu kilimani. Tuliita laini ya Mbeya na laini ya mpakani. Tulichukua mbili kwa sababu barabara ikichimbwa waya hukatika, na mvua ikizidi dishi hulegea; tulitaka moja ikilala nyingine iwe macho.

Shida ilikuwa asubuhi. Watu wote wakiamka na kufungua kazi zao, laini ya Mbeya ilijaa mpaka pomoni, na ile ya mpakani ikakaa nusu tupu. Bwana Idrisa alinijia siku moja na kikombe cha chai mkononi.

"Tusekile, mimi nina mabomba mawili. Mbona maji tunakinga kwenye moja?"

Nikamwambia, "Bosi, niachie. Nitayagawa."

Nikueleze kidogo tulivyo, usipotee. Mitandao ya dunia huongea kwa lugha moja inayoitwa BGP. Kila mtandao una namba yake na anwani zake, na kazi yake ni kumwambia jirani: anwani hizi ziko kwangu, ukiwa na mzigo wake nipitishie mimi. Jirani humwambia jirani yake, naye huyo humwambia wake, mpaka habari inafika upande wa pili wa dunia. Tunaita kutangaza njia. Na kwa sehemu kubwa, anayetangaziwa huamini tu.

Kugawa mzigo, yaani data za watu zinazopita, kwenye laini mbili kuna pande mbili. Unaotoka kwako ni rahisi, kwa sababu wewe ndiye unayechagua upite wapi. Unaoingia ndio wenye kazi, kwa kuwa anayechagua njia ni yule aliye mbali, na huwezi kumwamuru. Unaweza kumshawishi tu. Unatangaza nusu ya anwani zako kwa huyu na nusu kwa yule. Au unairudia namba yako mara mbili tatu ili njia ya upande mmoja ionekane ndefu, mwenye mzigo aamue mwenyewe kupita kwingine. Ni kazi ya adabu, kwa kweli. Unaomba, huamuru.

Nilikaa juma zima nikaandika mpango wangu, na nikwambie bila aibu, ulikuwa mpango mzuri. Lakini palikuwa na Mzee Ambakisye.

Mzee Ambakisye alikuwa amefanya kazi ya simu tangu ujana wake, enzi za kuunganisha watu kwa waya mmoja mmoja. Alistaafu akarudi Kyimo kwenye migomba na chai yake. Bwana Idrisa alipoanza biashara alimwomba awe anakuja kila Jumatano kututazamia kazi. Alijifunza BGP akiwa amevuka miaka sitini, kwa kusoma polepole, kidole kikifuata mstari. Ulimi wake ulikuwa wa Kinyakyusa hasa, ruta, ule mtambo unaouelekeza mzigo njia zake, kwake ilikuwa luta, na mimi niliyetoka Dar nilikuwa najizuia kucheka. Nilipomwambia kuhusu mpango wangu, alisema, "Andika yote. Lakini usiweke kwenye luta. Jumatano nikija tunasoma wote wawili, ndipo unaweka."

Niliitikia, "Ndiyo, baba." Moyoni nikajiuliza, huyu mzee wa kuchomeka waya atanisomea nini mimi?

Ndiyo maana Ijumaa saa nne nilikuwa mbele ya kompyuta peke yangu. Bwana Idrisa alikuwa dukani, akijiandaa kwenda msikitini baadaye. Gwamaka alikuwa amekwenda kwa mteja. Huyu Gwamaka alikuwa fundi wetu wa mnara, kijana wa rika langu, mtaratibu, tukila naye pamoja wali na maharage kila mchana. Siku moja kabla yake, Alhamisi, alikuwa amepanda mnara kukaza dishi baada ya upepo mkali. Likumbuke hilo.

Niliingiza mpango wangu mstari kwa mstari. Nilipomaliza nikafungua picha za grafu zinazoonyesha mzigo wa kila laini. Laini ya mpakani, iliyokuwa imelala siku zote, ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda, ikafika juu. Na ya Mbeya iko juu vilevile. Zote mbili zimejaa! Nilipiga makofi peke yangu ofisini. Nikampigia simu Bwana Idrisa nikamwambia aje aone, mabomba yake yote mawili yanatoa maji.

Akacheka kwenye simu. "Mashallah, binti. Nitakuja baada ya swala."

Hazikupita dakika kumi, simu ya ofisi ikaita. Chuo. Haifunguki. Nikawaambia wasubiri, kuna marekebisho. Ikaita tena, nyumba ya wageni. Kisha steshenari ya hapohapo Bulyaga, ina foleni ya vijana wanaotuma maombi ya chuo. Kisha hospitali. Dirisha la bima lilikuwa limekwama, kadi za wagonjwa hazihakikiwi, na bila kuhakikiwa mtu hatibiwi kwa bima yake.

Niliitazama grafu tena na kwa mara ya kwanza nikajiuliza: hivi kweli watu wa Tukuyu wamepata wapi mzigo mkubwa namna hii kwa nusu saa?

Kabla sijajijibu, simu yangu ya mkononi ikaita. Alikuwa fundi wa kampuni ya mpakani, kaka ambaye tulizoeana naye kwa sauti tu.

"Dada Tusekile, habari za saa hizi. Mmetangaza nini?"

"Anwani zetu tu. Nimezigawa."

"Hapana, dada. Mmetutangazia njia ya dunia nzima. Wateja wetu wote wanataka kupita Tukuyu kwenda kila mahali. Mtambo wetu humpendelea mteja, kwa hiyo umewaamini ninyi. Nawafungia kwanza, samahani. Na sisi tulitakiwa tuwachuje, hatukuchuja. Hilo ni kosa letu, naliandika hivyo kwenye ripoti yangu."

Akafunga.

Nilirudi kwenye mpango wangu nikausoma kuanzia juu. Palikuwa na mstari mmoja ambao haupo. Ungekuwa chujio, maneno machache tu ya kuiambia ruta: upande wa mpakani tangaza anwani zetu peke yake. Bila mstari huo, kila njia niliyoisikia kwa kampuni ya Mbeya niliipeleka kwa kampuni ya mpakani kana kwamba ni yangu. Nikawa nimewaambia watu wengi wasionijua kwamba Tukuyu ndiyo barabara kuu. Wakaja. Wakapita kwenye kidishi chetu kimoja kilimani, wakashuka kwenye waya wetu wa Mbeya, na wateja wetu wakakosa pa kupenya.

Niliandika ule mstari. Nikampigia yule kaka, akakagua, akatufungulia. Lakini yote hayo yalichukua muda, na hospitali walikuwa wameniita, kwa hiyo nilikwenda. Kulikuwa na mama mmoja kwenye benchi la mbele ya dirisha la bima, mtoto wake analia kwa homa, kilio kile cha kuchoka. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye wa mtandao?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Haya, ndaga," akanishukuru, kama vile nimekuja kumsaidia. Alitoka pale saa nane.

Niliporudi ofisini, Bwana Idrisa alikuwa ameshafika, kofia ya swala bado kichwani. Gwamaka naye yupo, amesimama karibu na mlango, koti lake linachuruzika maji.

"Hospitali wamenipigia mimi mwenyewe," Bwana Idrisa alisema. "Kumetokea nini?"

Mwanangu, hapa ndipo habari yenyewe ilipo. Nilikuwa na sekunde mbili hivi. Nikafikiria zile kelele zangu za asubuhi kwenye simu. Nikafikiria vyeti vyangu. Na mdomo wangu, sijui hata nani aliuamuru, ukasema:

"Dishi la kilimani, bosi. Nadhani limeyumba."

Bwana Idrisa akageuka. "Gwamaka, si ulipanda jana?"

"Nilipanda, bosi. Nilikaza."

"Ulikaza, likayumba kesho yake?"

"Nilikaza zote," Gwamaka alisema, na akanitazama mimi, maana mimi ndiye ninayejua kusoma vipimo vya dishi kutoka ofisini. Alikuwa anangoja niseme vipimo viko sawa. Vilikuwa sawa. Mimi nikatazama kibodi.

Bwana Idrisa alikuwa mtu mwema, lakini siku ile alikuwa ameaibishwa. Akamwambia Gwamaka akae nyumbani kwanza mpaka atakapoitwa. Gwamaka akavua funguo za mnara kwenye mkanda wake, akaziweka mezani taratibu, akatoka kwenye mvua. Walipoondoka wote wawili nikafuta kumbukumbu za maagizo yote niliyoiandikia ruta asubuhi ile. Nilifuta kwa uangalifu kuliko nilivyoandika.

Jumamosi nilikula peke yangu. Jumapili nilikwenda kanisani nikaimba. Nakwambia hata hilo, ili ujue mtu anaweza kuimba vizuri tu akiwa hivyo. Jumatatu na Jumanne nilijisemea kwamba Gwamaka ataitwa tu, hasira za bosi hazikai, na likipita limepita. Kila nilipojisemea hivyo nilijikuta nimesimama, natafuta kazi ya kufanya.

Jumatano Mzee Ambakisye akaja. Akakung'uta mwavuli, akauliza habari za nyumbani, habari za baba, habari za mahindi. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia, akaitikia. Hakuuliza lolote kuhusu Ijumaa, ingawa habari zilikuwa zimeshamfikia Kyimo. Akavuta kiti akaketi mbele ya kompyuta, akavaa miwani, akafungua ukurasa ambao mimi nilikuwa sijawahi kuuona.

"Njoo unisomee," alisema. "Macho yangu leo hayafai."

Nikasogea. Kulikuwa na safu ndefu za namba. Mwanangu, kumbe duniani wako watu ambao kazi yao ni kusikiliza kila tangazo la BGP linalopita na kuliweka kando, wazi, yeyote anayetaka asome. Mimi nilifuta ya kwetu Bulyaga. Ya kwao yalikuwepo yote, na saa yake, na dakika yake.

"Soma."

Nikasoma saa. Nikasoma namba ya mtandao uliotangaza.

"Hiyo namba ya nani?"

"Yetu, baba."

"Endelea."

Nikaendelea. Mstari baada ya mstari, njia za watu wengine, na kila mstari ulikuwa na namba yetu katikati. Nilisoma labda mistari ishirini, sauti ikawa inapungua. Akasema, "Sikusikii." Nikapandisha sauti. Nikasoma mingine mpaka nikashindwa.

Akavua miwani. "Gwamaka anajua kuandika haya?"

"Hajui."

"Dishi likiyumba linaweza kuandika haya?"

"Haliwezi."

Akaikunja miwani, akaiweka mezani. Mvua ilikuwa inapiga bati na mimi nilikuwa namwomba Mungu mzee aishie hapo. Lakini aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayezungumzia mbolea.

"Sikia, binti. Kusahau chujio ni kosa la kazi. Mimi nimewahi kumuunganisha mtu na mtu asiyemtaka, wakasikilizana mambo ya ndani, ndoa ikataka kuvunjika. Nilikwenda kwao nikasema ni mimi. Kosa la kazi lina dawa, wewe mwenyewe umelitibu siku ileile, na umelitibu vizuri, nimeona. Hili la pili si la kazi. Mwenzako yuko nyumbani kwake Ibighi siku ya tano leo, amebeba mzigo wako. Umemtangazia njia isiyo yake."

Nikaanza kulia. Nikamwambia, "Baba, naomba uniongelee kwa bosi. Wewe anakusikiliza."

"Sitaki," alisema. "Maneno yako usiyapitishe kwangu. Na kwa bosi si pa kuanzia. Anza Ibighi."

Nilikwenda kwa miguu. Gari zilikuwepo, lakini nilitaka njia iwe ndefu, na hata hivyo haikuwa ndefu ya kutosha. Nilimkuta Gwamaka nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Mkewe akaniletea kigoda, akanikaribisha kwa furaha, maana alidhani nimetumwa na ofisi kumwita mumewe kazini. Hilo liliniumiza kuliko kama angenifukuza.

Nikasema yote nikiwa nimesimama. Sikukaa. Chujio, simu ya yule kaka wa mpakani, vipimo vya dishi vilivyokuwa sawa, kumbukumbu nilizofuta. Mkewe aliacha alichokuwa anafanya.

Gwamaka hakuinua macho kwenye mpini. Akauliza, "Vipimo ulikuwa unaviona?"

"Nilikuwa naviona."

"Pale pale niliposimama mlangoni?"

"Ndiyo."

Akachonga kidogo. Kisha akasema, "Jumamosi nilipanda mlima kwa miguu. Funguo sina, kwa hiyo nilisimama nje ya uzio na kulitazama dishi kwa chini. Nilirudi Jumapili. Nimekaa hapa siku zote hizi najiuliza ni nati gani sikuikaza. Nimezihesabu kichwani moja moja. Jana nilianza kuamini kuna moja nimeiacha." Akanitazama sasa. "Tusekile, nilianza kuamini."

Niliomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, alisema amesikia, nami nikaondoka.

Kwa Bwana Idrisa nilifika jioni hiyohiyo, amekaa kwenye mifuko ya saruji dukani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza kama Gwamaka anajua. Nikasema nimetoka kwake.

"Kuniangushia mtandao nimekusamehe," alisema. "Kunidanganya, nitakusamehe, nipe siku mbili tatu. La Gwamaka si langu, siwezi kukusamehea." Akajishika kichwa. "Na mimi nilimfukuza mtu kwa neno moja bila kuuliza la pili. Twende."

"Wapi, bosi?"

"Ibighi. Na mimi nina langu la kusema."

Alikwenda, mtu mzima mwenye heshima zake katika mji huu, akasema lake mbele ya mke wa Gwamaka, akampa Gwamaka funguo mkononi. Mimi nilibaki nje barabarani.

Kazini sikufukuzwa, lakini paswedi zote za ruta zilibadilishwa, na kwa miezi mitatu nilikuwa nabeba waya na ngazi nyuma ya Gwamaka. Nilipanda ule mnara. Nilikaza nati kwa vidole vilivyokufa ganzi na nikajua kukaza maana yake nini. Yeye alinifundisha vizuri, hakuninyanyasa hata siku moja. Ila wali na maharage hatukula pamoja tena. Baadaye alipata kazi Mbeya akahama na familia. Tukikutana msibani tunasalimiana, tunaulizana watoto. Ni hivyo tu. Vitu vingine hurekebishwa vikabaki na kovu, na aliyekata ndiye anayepaswa kulizoea.

Siku niliporudishiwa paswedi ilikuwa Jumatano. Mzee Ambakisye na mimi tulisoma mpango wangu kwa sauti, mstari kwa mstari, yeye na luta yake na mimi bila hamu ya kucheka. Tulipouweka, ukafanya kazi. Nilitazama grafu nikakunja uso, maana laini hazikuwa sawa. Ya Mbeya ilibeba zaidi, ya mpakani kidogo. Nikasema nizisogeze zilingane. Akakataa. "Dishi ni jembamba, na mvua hulisumbua. Libebe kinachoweza kubebwa na dishi. Kugawa mzigo si kufanya michoro ifanane." Nilielewa siku hiyo kwamba zile grafu zilizonipigisha makofi zilikuwa zimefanana kwa sababu zote mbili zilikuwa zinazama.

Mzee amekwishatutoka, amelala kwao Kyimo. Siku hizi tunanunua intaneti kwa watatu badala ya wawili, wateja wamefika mpaka vijiji ambavyo wakati ule havikuwa na umeme. Juzijuzi mmoja wenu, sitamtaja, aliguna nilipomwambia hawezi kugusa ruta mpaka mwenzake asome alichoandika. Alisema mambo hayo sasa yanafanywa na programu yenyewe, mimi namchelewesha. Sikumjibu palepale. Jibu langu ndilo hili ninalokuandikia.

Mwanangu, usitangaze njia usiyoweza kuibeba. Watu watakuamini, na wakishakuja wote kwako hutakuwa na pa kuwaweka. Hilo ni la ruta, lakini utaliona pia kwenye ahadi zako, kwenye ndoa, kwenye uongozi wa kanisa au msikiti, popote watu wanapopanga safari zao kwa neno lako.

Kazi yako mpe mwenzako aisome kabla haijatoka mikononi mwako, na usichague msomaji kwa ulimi wake wala kwa vyeti vyake. Mzigo ugawe kwa nguvu ya kila mbebaji. Kuna mtu wa kubeba sana na mtu wa kubeba kidogo, na wote wawili unawahitaji, hasa siku waya wa mmoja utakapokatika.

Ukikosea, na utakosea, sema mapema. Yule kaka wa mpakani alisema lake kwa pumzi moja kwenye simu, na nadhani alishasahau kabla ya chakula cha mchana. Mimi nililificha siku tano na nimelibeba miaka yote hii. Usihangaike kufuta ya kwako. Ulilosema limeshasikika kwa wengine na liko kwao. Na ukienda kukiri, usianzie kwa mkubwa anayeweza kukulinda. Anza kwa yule uliyemwumiza, hata kama ni mdogo wako, hata kama mkewe atakuletea kigoda kwa furaha ambayo hustahili. Ukishafika, sema, halafu mwache aamue mwenyewe atakachokupa. Anaweza asikupe kitu.

Nakutakia kazi inayokupa usingizi mzuri. Mungu akujalie wenzako ambao ukisimama mlangoni na maji yanachuruzika kwenye koti lako, watasema wanachokiona. Akujalie na wewe uwe hivyo kwao. Makosa makubwa akuepushe nayo, na yale yatakayokupata akupe miguu ya kuyapeleka mwenyewe yanakotakiwa kufika. Nenda salama, mwanangu, ukawahudumie watu.